Hilux niliyoinua inasugua tairi kwenye parashoki (bampa): nikate chuma au niinue tena?

Sambaza wa Kadutu (Bukavu)

Bakubwa, jambo. Naleta swali la gari hapa kwa sababu nimeuliza mafundi watatu mjini na kila mmoja ameondoka na jibu lake.

Gari ni Hilux Vigo ya 2009, dizeli, kabini mbili. Kazi yake ni Kamituga. Napanda na sambaza (dagaa wa Kivu) kavu, sabuni na chumvi, narudi na mawese na ndizi. Anayeijua barabara ile ukishapita Burhale hataniuliza kwa nini niliinua gari. Msimu wa mvua uliopita nililala njiani siku mbili nyuma ya Fuso iliyolala ubavu, na nilipojaribu kuipita kwa pembeni tumbo la Hilux likakaa juu ya udongo, magurudumu yananing'inia kama miguu ya mtoto kwenye kiti cha mkubwa. Sambaza zilinuka. Siku ile ndipo nilipoamua.

Basi nikafanya mambo haya, yote ndani ya wiki tatu (ndiyo, najua, msinipigie kelele):

Mbele niliweka resori (springi) ndefu zaidi, gari likapanda sentimita 5. Nyuma niliongeza lamu (bamba la springi) moja kila upande. Tairi nilitoa 265/65R17 za kwanza nikaweka 285/70R17 zenye meno makubwa. Janti (rimu) nazo nikabadilisha, mpya ni pana inchi 8 na nyuma yake kumeandikwa ET0 (ET ni milimita kutoka katikati ya janti hadi pale inapofungwa), za zamani zilikuwa inchi 7 na nusu, ET30. Mwisho nikamwambia msuderi (mchomeleaji) anitengenezee parashoki ya chuma, yenye mabawa mawili yanayokunja hadi karibu na tairi. Inapendeza. Hata watoto wa mtaani wanaigusa gusa.

Sasa shida. Nikikata kona, tairi linasugua mwisho wa bawa. Sauti yake ni kama mtu anayekwangua ugali ulioganda chini ya sufuria. Nikikata kulia ni tairi la kushoto linalogusa, nikikata kushoto ni la kulia. Na cha ajabu, haligusi usukani ukifika mwisho. Linagusa katikati, pale nusu ya kukata, halafu nikizidi kuzungusha linaachia kidogo. Nikiwa nimepakia linagusa kwa shida. Nikiwa mtupu, nateremka mlima wa Ngomo kwenda Kamanyola na kukanyaga breki kwenye kona zile, hapo ni balaa.

Fundi wa kwanza anasema tuongeze kipande cha sentimita 3 juu ya amortisa (shokamzoba), gari lipande tena. Wa pili anasema tuweke washa (vipete vya chuma) kwenye usukani ili usizunguke sana. Shemeji yangu, ambaye si fundi ila ana maoni, anasema kata parashoki. Mama watoto anauliza kama ni kweli tunataka kukata chuma cha dola 250 ambacho hakijamaliza mwezi.

Nifanye nini?

---

Mtu wa Lushi (Lubumbashi)

Rudisha tairi za kwanza. Shida imeisha.

---

Sambaza wa Kadutu

Aksanti kaka, lakini tairi za kwanza nimeshamuuzia mtu wa taksi wa Bagira. Nisaidie na jibu la pili.

---

Mzee wa Garaji (Bukavu, Panzi)

Mdogo wangu, jambo. Mimi nimeacha kufunga buloni kwa sababu ya mgongo, lakini kichwa bado kinafanya kazi. Umeeleza vizuri kuliko wateja wengi. Wengi huja wakisema tu «inalia».

Kwanza tufute jibu la fundi wa kwanza. Kuinua gari hakukupi nafasi ya tairi kwa namna watu wanavyofikiri. Resori ndefu inainua gari likiwa limesimama. Lakini ukiingia shimoni, mkono wa chini (chuma kinachoshika gurudumu) unapanda mpaka ugote kile kipande cha mpira kinachouzuia usipige shasi. Pale unapogota hapajabadilika hata milimita moja. Resori iwe fupi, iwe ndefu, tairi likipanda hadi mwisho litafika palepale. Tena sasa tairi lako ni kubwa zaidi, kwa hiyo litafika palepale na kupita.

Ukiongeza sentimita 3 nyingine juu ya amortisa utapata vitu vitatu usivyovitaka. Kardani (mihimili inayozungusha magurudumu) za mbele zitafanya kazi zimepinda sana na mipira yake itapasuka. Rotile (viungo vya mpira ambapo gurudumu hugeukia) za juu zitafika mwisho wa mwendo wake kila gurudumu likining'inia. Na gari litakuwa refu kwenye njia iliyoinama upande mmoja, wewe mwenye mapipa ya mawese nyuma. Kasika pale unapajua. Sitaki kukuona kwenye picha.

Sasa hesabu ya tairi. Chukua kalamu. Tairi 265/65R17 lina kimo cha milimita 776. 285/70R17 lina milimita 831. Tofauti ni 55, lakini nusu yake iko juu ya ekseli na nusu chini, kwa hiyo mbele ya gurudumu limesogea karibu na parashoki kwa milimita 27. Ongeza janti. ET30 kwenda ET0 ni milimita 30 za kusogezwa nje, ongeza 10 za nusu ya upana ulioongezeka wa tairi. Bega la nje la tairi lako sasa liko nje kwa milimita 40 kuliko zamani. Sentimita 4, ndugu yangu. Vidole viwili vinene.

Na hapo ndipo kuna jibu la lile ulilosema la ajabu. Mimi nililifurahia sana, nikamsomea mjukuu. Gurudumu halizunguki kwenye katikati ya tairi, linazunguka kwenye mstari wa rotile zake, ambao uko ndani. Ukikata kulia, gurudumu la kushoto linaenda mbele kidogo huku bega lake la nje likitangulia kama pembe ya ng'ombe. Pembe hiyo inafika mbele kabisa kwenye nusu ya kukata, si mwisho. Ukizidi kuzungusha, inaingia ndani na kurudi nyuma. Kwa hiyo washa za fundi wa pili hazitakusaidia chochote mbele. Zitakunyang'anya kona tu, na Ngomo bila kona utafanya marche arrière (rivasi) mara tatu kwenye ukingo, nyuma yako kuna lori linapiga honi. Washa husaidia tairi linapogusa nyuma, upande wa ndani, kwenye kile kiguu cha kabini kilichofungwa kwenye shasi. Pale ndipo tairi hugusa usukani ukifika mwisho.

Kuhusu mzigo: ukipakia nyuma, pua inanyanyuka. Mtupu na breki, pua inainama na tairi linaingia ndani ya gari. Hakuna uchawi.

Kwa hiyo shemeji yako ana haki. Kata. Lakini usikate kabla hujapima, maana kuna watu wamekata parashoki kumbe kinachogusa ni plastiki ya ndani.

Jinsi ya kupima. Paki mahali sawa, funga mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa kriki (jeki), weka vitegemeo vya chuma chini ya shasi, SI kriki peke yake na si matofali. Toa gurudumu. Toa amortisa na resori yake vikiwa pamoja kama kitu kimoja: naiti tatu juu, buloni moja chini, na kile kijiti cha baa ya kuzuia gari lisilale. Naiti ya katikati juu ya amortisa usiiguse kabisa. Pale ndani kuna resori iliyobanwa, ikikuruka haitakuuliza jina. Halafu rudisha gurudumu, uinue mkono wa chini kwa kriki taratibu mpaka ugote mpira. Uangalie mrija wa breki usivutike. Hapo sasa zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho na uweke alama kwa chaki kila panapogusa au panapobaki chini ya sentimita 2.

Ukimaliza leta namba hapa.

---

Kisigino cha Sake (Goma)

Mzee amemaliza yote, mimi naongeza kitu kimoja kwa sababu kilinigharimu.

Parashoki yangu nilikata mwenyewe na diski ya kukatia chuma, nikaridhika, nikapaka rangi. Sikulainisha ukingo. Kati ya Goma na Sake kuna vipande ambako bado unapita juu ya mawe ya volkano, gari linaruka kama mbuzi. Tairi likagusa ukingo mara moja tu. Mara moja! Likachanika ubavuni urefu wa kidole. Tairi jipya. Ubavu hauzibwi, fundi akikwambia anaweza kuweka kiraka ubavuni mkimbie, na kule mawe yetu tayari yanakula tairi bila msaada wa parashoki.

Kwa hiyo ukikata, funga mdomo wa chuma na bati nyingine, halafu chomelea nondo ya mviringo au bomba dogo ukingoni. Chuma kikigusa tairi kiguse kwa mgongo, si kwa meno.

---

Mama Vitenge (Bukavu, Nguba)

Mimi si mtu wa magari lakini gari langu lilisugua hivyo hivyo na sababu ilikuwa paralelizme (mpangilio wa magurudumu). Walipoweka sawa usukani baada ya kuinua, gurudumu moja lilikuwa mbele kuliko lingine. Je, Sambaza ulifanya paralelizme baada ya resori?

---

Mzee wa Garaji

Mama, umeuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuuliza kwanza. Aksanti.

Ni kweli. Kwenye Hilux hii mkono wa chini una buloni mbili zenye mviringo usio katikati. Ukizizungusha unaweza kusogeza rotile ya chini mbele au nyuma. Baada ya kuinua, fundi huisogeza mbele ili usukani urudi wenyewe na gari lisitangetange. Ni sahihi, lakini tairi zima linaenda mbele pamoja nayo, kuelekea parashoki. Akiirudisha nyuma sana, litaenda kwenye kiguu cha kabini na usukani utakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Ni suala la kugawana milimita chache, haliwezi kumaliza 40. Ila kama kushoto na kulia haviko sawa, anza hapo.

---

Sambaza wa Kadutu

Nimerudi. Jumapili nzima chini ya gari, wanangu wawili wakishika taa na wa tatu akishika chaki na kuchora wanyama kwenye shasi.

Nimefanya kama Mzee alivyosema. Mambo niliyoyaona:

Mkono ukigota mpira, bega la nje linaingia kwenye bawa la parashoki kabisa. Si kugusa, ni kuingia. Kwa kukisia bawa limezidi sentimita 4 kushoto, na kulia kidogo zaidi, karibu 5. Msuderi hakutengeneza pande mbili sawa, nimempelekea ujumbe.

Plastiki ya ndani inaguswa mbele chini, imeshakuwa nyembamba kama karatasi.

Nyuma, usukani ukiwa mwisho, tairi linakaribia ule mshono wa bati nyuma ya plastiki. Limebaki sentimita 1 hivi. Kiguu cha kabini hakiguswi, kimebaki sentimita 2 na nusu.

Mama Vitenge, paralelizme sikufanya. Naona aibu kuandika. Nilikuwa na haraka ya safari, na fundi aliniambia «tutaona ukirudi».

Na kitu kimoja ambacho hamkuuliza: udongo ulinisaidia kuliko chaki. Nilikuwa sijaosha gari tangu Mwenga. Kila mahali tairi lilipogusa, tope lilikuwa limeng'arishwa kama kiatu cha padri, na kwingine lilikuwa limekauka vumbi. Nilikuwa natembea na ramani yote chini ya mabawa bila kujua.

---

Mzee wa Garaji

Ile ya tope nimeiandika kwenye daftari.

Basi kata kwa mshazari, usikate wima. Anza chini karibu na shasi, panda kuelekea nje, ili chini kuwe kumekatwa zaidi kuliko juu. Tairi huja kwa chini wakati gari limesimama, likipanda ndiyo linafika juu. Ukikata mshazari unapata pia faida ukipanda ngazi ya udongo: tairi linagusa ukuta kabla ya parashoki. Toa sentimita 6 kushoto, 7 kulia. Usitoe 4 kwa sababu umepima 4. Gari linatetemeka, mipira ya mikono inalegea, na tope la Mwenga likishikana kwenye tairi linaongeza kimo chake lenyewe.

Usikubali akwambie asogeze parashoki nzima mbele kwa kuweka vipande kati yake na shasi. Inawezekana, lakini uzito unaenda mbele zaidi na buloni zinafanya kazi kama mkono ulionyooshwa ukishika ndoo.

Plastiki: pasha kwa hewa ya moto, isukume nyuma, ifunge. Usiitoe yote. Nyuma yake kuna nyaya, na Hilux bila ile plastiki inakula tope hadi kwenye taa.

Mshono wa bati: ulaze kwa nyundo kuelekea mbali na tairi, taratibu, juu ya kipande cha mbao. Halafu safisha, paka rangi ya kuzuia kutu na siliko ya magari. Wengi wanasahau hapo, mwaka mmoja baadaye maji yanaingia kwenye zulia la shofa.

Na mpira wa kugota, weka chini yake kipande cha chuma cha sentimita 1 na nusu, buloni ndefu zaidi. Mkono utagota mapema, tairi halitafika mwisho kule. Utapoteza kidogo ya ulaini shimoni, lakini wewe hubebi mayai.

Halafu paralelizme. Safari hii kabla ya safari.

---

Mtu wa Lushi

Sawa, nimesoma yote na nakubali jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka.

Ila kwa wanaosoma wenye Land Cruiser 79 kama mimi, msichukue hesabu hii nzima nzima. Sisi mbele tuna ekseli moja ngumu, na kuna ile fimbo ndefu ya kulala inayotoka shasi upande mmoja kwenda ekseli upande mwingine. Ukiinua gari, fimbo inasimama zaidi na kuvuta ekseli yote upande mmoja. Mimi nilidhani nilifunga janti tofauti, tairi la upande mmoja linagusa na la pili lina nafasi ya kupitisha ngumi. Kumbe ekseli nzima imehama. Dawa yake ni fimbo ya kurekebisha urefu, si diski.

Na kwetu kuna buloni ya kuzuia usukani kwenye ekseli, unaizungusha kwa kile (spana) tu. Ndiyo maana fundi wa pili alikwambia washa, labda alizoea Land Cruiser.

Swali: kwa nini hukununua 265/70R17? Ni milimita 803, ungepata nusu ya kimo bila vita yote hii.

---

Sambaza wa Kadutu

Kwa sababu nilipofika dukani zile kubwa zilikuwa zimewekwa mbele, zimepakwa mafuta zinang'aa. Sina sababu nyingine, kaka.

Sasa ripoti. Msuderi alikata Jumatano. Alitaka kulipwa tena, nikamwonyesha zile sentimita 4 na 5, tukaelewana: yeye kazi, mimi fimbo za kusudia (kuchomelea) na nondo. Ukingo umefungwa, una nondo ya mviringo kama alivyosema ndugu wa Goma. Mshono nimeulaza mwenyewe. Mpira wa kugota umeongezewa kipande. Paralelizme ilikuwa mbaya: kulia gurudumu lilikuwa mbele kuliko kushoto, karibu milimita 8. Kwa hiyo zile sentimita 5 za kulia hazikuwa kosa la msuderi lote. Nimemwomba msamaha, akasema nimpelekee sambaza.

Alhamisi nilishuka Ngomo mtupu makusudi. Kona zote, breki kwa nguvu, madirisha wazi ili nisikie. Mbele kimya. Usukani unarudi wenyewe. Kilichobaki ni kwenye rivasi tu, usukani mwisho kabisa kushoto, nasikia «shhh» nyuma ya gurudumu la kushoto. Nimeangalia, ni ule mpira wa kuzuia tope.

Kitu kingine nimegundua njiani: mshale wa mwendo ukionyesha 60, simu inaonyesha 64. Mzee hukunitahadharisha.

---

Mzee wa Garaji

831 gawanya kwa 776. Asilimia 7. Uliacha kalamu chini mapema.

Mpira wa tope ukate sentimita 3 kwa kisu cha jikoni. Na janti mpya kaza naiti tena baada ya kilomita 100, kwa kile cha mkono, gurudumu likiwa limekanyaga chini.

---

Sambaza wa Kadutu

Nimekaza. Mbili zilizunguka robo.

Kisu cha jikoni mama watoto amekataa. Ila vile vipande viwili vya bawa vilivyokatwa amevichukua, vinategemeza mbabula (jiko la makaa) kwenye veranda, na anasema sasa ndiyo dola 250 zimefanya kazi.